Dole Gumba Chini ya Utando

Daktari alikuwa amelala chali karakanani, nyuma ya kioo chake, tai imefungwa vizuri, na kitundu cheusi shingoni, juu kidogo ya fundo la tai. Damu ilikuwa kidogo sana. Mwale wa leza hukata na kuchoma kwa pamoja, ndiyo maana shati lake lilibaki jeupe.

Inspekta alichuchumaa, akamtazama, akanusa. Palinuka nywele zilizoungua. Aliinuka huku magoti yakimlalamikia, akamwuliza Sajini wake swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza.

"Huyu alikuwa anafanya nini nyuma ya kioo?"

"Alikuwa anaringa, Afande," Sajini alisema.

Na ndivyo ilivyokuwa, tusimpambe marehemu. Karakana ile ilitengeneza vioo vya leza za kukatia chuma. Mwale unaotoboa bamba la chuma hauwezi kuelekezwa kwa kioo cha bafuni. Kioo chake hupakwa tabaka juu ya tabaka, utando ambao ukijumlisha unene wake wote haufikii hata wa unywele. Kikishapakwa, lazima kipimwe kwa leza yenyewe, na sheria ya karakana inataka nyuma yake liwekwe tofali la chuma ili lolote likitokea mwale uishie hapo.

Daktari, mkuu wa karakana, daktari wa vitabu wala si wa hospitali, alikuwa akiliondoa tofali na kukaa hapo yeye, akiinama kuchungulia. Kila kipimo. "Mimi kazi yangu siikimbii," alikuwa akiwaambia watu, mikono nyuma, kifua mbele. Asubuhi ile palikuwa na wageni wa kununua vioo, kwa hiyo alisimama wima, kifua mbele zaidi. Leza iliwashwa, nguvu ikapandishwa, doa la njano likang'aa katikati ya kioo, na Daktari akaenda chini kabla mtu hajaifikia swichi.

"Ajali," wageni walisema wote kwa sauti moja, wakitafuta mlango.

"Kaeni," Inspekta alisema. Wakakaa.

Alianza na Naibu wa Daktari, mtu mnene aliyevaa koti jeupe lisilofunga tumboni. Jasho lilikuwa likimtoka ingawa chumba kile kilikuwa baridi kama friji.

"Wewe ni nani hapa?"

"Naibu wake."

"Kwa hiyo sasa ni mkuu."

"Mama, usiniambie hivyo. Mwenzangu bado hajapoa."

"Kioo kilipasuka?"

"Hakikupasuka. Hilo ndilo linalonichanganya. Utando ndio ulioondoka. Utando ukiondoka, kioo kinabaki dirisha tu. Mwale unapita."

"Kwa nini uondoke?"

Naibu alijifuta uso. "Utando wowote, hata uwe safi vipi, unameza joto kidogo. Joto hilo lina njia moja ya kutokea: nyuma, tabaka hadi tabaka, mpaka kwenye kioo kinene. Pembeni haliendi, utando ni mwembamba mno. Sasa kama kati ya utando na kioo kuna kitu, joto linafika pale linakuta mlango umefungwa. Linajaa. Linababua."

"Kitu kama nini?"

"Vumbi. Mafuta ya mkono. Ndiyo maana tunavaa glavu. Hapa mtu akitaka kujikuna pua anatoka nje."

"Na kioo hiki kilipakwa na nani?"

"Mwulize Bi Chemba," Naibu alisema haraka mno. "Tunapokezana naye."

Bi Chemba alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, msimamizi wa chemba ya kupakia. Chemba yenyewe ni tangi la chuma lenye mlango mzito. Ndani yake vioo hutundikwa, hewa hufyonzwa yote, kisha madini huchemshwa mpaka mvuke wake utue juu ya vioo taratibu. Alimletea Inspekta glasi ya maji bila kuombwa. Aliishika kwa juu, kwa ncha za vidole, kwenye ukingo tu, akaitua mezani bila sauti.

"Kioo kile kilipakwa na nani?"

"Vioo vyote hapa ni vya Daktari."

"Sikuuliza ni vya nani."

"Tunaopaka ni mimi na Naibu. Daktari anatia jina. Alikuwa anatia."

"Hiki cha leo?"

"Vinafanana. Sikumbuki."

"Daktari alikuwa bosi mzuri?"

"Alikuwa bosi."

Inspekta alikunywa maji. Watu wote mle chumbani walikuwa wakikitupia kioo kile jicho, hata wageni, hata Sajini. Bi Chemba hakukitazama hata mara moja. Inspekta aliliweka hilo moyoni, akamruhusu aondoke, akaagiza kila mfanyakazi achukuliwe alama za vidole.

Siku iliyofuata mtaalamu wa maabara ya polisi alimpigia simu.

"Njoo uone kwa macho yako, Afande. Nikikueleza utasema nimelewa."

Kioo kilikuwa kimewekwa chini ya hadubini. Inspekta aliinamisha kichwa. Katikati pameungua pakawa wazi kabisa, lakini kuzunguka pale palikuwa na mistari, mstari ndani ya mstari, imechomwa safi kwenye utando. Palikuwa pia na mkato mrefu uliopita katikati ya mistari ile.

"Hii ni alama ya kidole," alisema.

"Dole gumba. Lenye kovu. Na lisikudanganye, halipo juu ya utando, lipo chini yake. Mtu alibonyeza kioo kikiwa kitupu, ndipo kikapakwa. Kila palipopita mafuta ya kidole, joto lilikosa njia, utando ukababuka. Mahali pengine pote umeshika."

"La nani?"

"Si la mfanyakazi hata mmoja. Wala marehemu mwenyewe."

"Kwa hiyo siyo ajali."

"Mtu wa nje hawezi kugusa kioo cha kule kwa bahati mbaya. Hii imewekwa." Mtaalamu akavua miwani. "Na kitu kingine. Aliyekipaka ni hodari ajabu. Sijaona utando ulioshika namna hii. Kimoja cha Naibu nilichopewa nilinganishe, nimekipiga joto kidogo tu, utando wote umechanika kama ngozi ya kitunguu. Kama hiki kingepakwa na yule, nisingeona hata mstari mmoja."

Inspekta alirudi karakana na swali moja. Alimkuta Naibu amekaa tayari kwenye kiti cha Daktari. Naibu alipomwona aliruka kama amekalia kaa la moto.

"Nani unamjua mwenye kovu kwenye dole gumba?"

Jasho la Naibu lilikauka. Hilo lilimshtua Inspekta kuliko jibu lolote.

"Jicho," alisema baadaye, kwa sauti ndogo.

"Ndiye nani?"

"Fundi wetu wa zamani. Tulimwita Jicho kwa sababu angeweza kuona kasoro kwenye kioo ambayo hata mashine haikuiona. Miaka mingi sasa. Kioo kilibabuka akiwa anakipima, mwale ukarudi vibaya, ukamchukua macho yote mawili. Daktari akasema Jicho mwenyewe alikishika kile kioo kwa dole gumba bila glavu. Akafukuzwa akiwa bado wodini, bandeji usoni. Hakuambiwa hata pole."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliiona hiyo alama ya dole?"

Naibu aliugeukia ukuta.

"Nakuuliza wewe, siyo ukuta. Uliiona?"

"Hakuna aliyeiona. Daktari alisema ipo."

"Na wewe?"

"Nikasema ipo."

Inspekta alikuwa na hasira za karibu, kituo kizima kilijua. Alimtazama yule mtu mnene kwa muda, akahesabu pumzi zake mwenyewe, akatoka bila kuaga. Kama angefungua mdomo, angesema maneno ambayo Sajini angelazimika kuyaandika.

Jicho alikuwa akiishi nyuma ya duka la vyuma, chumba na sebule, kila kitu mahali pake. Alikuwa ameketi mlangoni akisuka kiti kwa nyuzi za plastiki. Vidole vyake vilikimbia kwenye fremu bila kukosea. Nywele zilikuwa zimeanza mvi na miwani myeusi ilikuwa imemkaa vizuri, kama imeota pale.

"Karibuni. Nyie ni wawili, na mmoja viatu vinambana."

Sajini aliviangalia viatu vyake. "Kweli vinanibana, mzee."

"Sisi ni polisi," Inspekta alisema.

"Nimesikia mkanda. Nawaletea maji kwanza, hayo mengine baadaye."

Aliingia, akarudi na glasi mbili. Alizishika kwa juu, kwa ncha za vidole, kwenye ukingo tu. Alipoitua ya Inspekta haikutoa sauti. Kwenye dole gumba la kulia palikuwa na kovu lililolikata kwa mshazari.

Inspekta hakuyanywa yale maji. "Unaishi na nani hapa?"

"Na mdogo wangu. Baba mbalimbali, mama mmoja. Mama alipofariki alikuwa hata shule hajaanza, nimemlea mimi."

"Anafanya kazi wapi?"

"Ofisini huko."

"Ofisi gani?"

"Ofisi ni ofisi, mama. Mimi sioni kibao."

Sajini alitaka kucheka, akaangalia uso wa Inspekta, akaacha.

"Daktari amekufa," Inspekta alisema.

Vidole vilisimama kwenye nyuzi. Jicho hakusema maskini, wala hakusema afadhali.

"Amekufaje?"

"Nyuma ya kioo chake. Utando ulibabuka. Chini ya utando palikuwa na alama ya dole gumba. Lina kovu, mzee. Ni lako."

Jicho alilifunika dole lake kwa mkono wa pili, polepole. Alikaa hivyo mpaka duka la mbele likamaliza kukata bomba zima. Ukimtazama ungeona anakumbuka kitu, na kwamba kile anachokumbuka kinamuuma kuliko macho. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Ni mimi. Nifungeni."

"Uliingiaje kule?"

"Niliingia."

"Ukakipaka kioo mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ile chemba naijua kama kitanda changu. Swichi kubwa kulia, pampu chini yake."

Sajini alikohoa. "Hiyo imeondolewa, mzee. Iliyopo sasa haina swichi hata moja. Ni skrini ya kugusa, laini kama sahani. Asiyeona hawezi kuiwasha."

"Basi nilisaidiwa."

"Na nani?" Inspekta aliuliza.

Mzee aliisogeza mikono karibu zaidi, ifungwe. Ungeweza kumvunja mbavu na usipate jina.

"Simama twende," Inspekta alisema. "Sikukamati kwa kuua. Nakukamata kwa kunidanganya."

Mchana huohuo Bi Chemba aliletwa kituoni, akaketishwa kwenye chumba cha mahojiano chenye meza moja na viti vitatu. Inspekta alimpa onyo la kisheria, kisha akaweka mezani picha ya ile alama, imekuzwa mpaka kovu likaonekana kama barabara.

"Tumempata mwenye dole hili."

Bi Chemba aliitazama picha. Kile kioo hakukitazama jana, lakini picha aliitazama.

"Yuko chumba cha pili," Inspekta aliendelea. "Amekiri. Maelezo ameshayatia sahihi."

"Hakufanya."

"Ana sababu. Ana alama. Ana maneno ya mdomo wake mwenyewe. Hakimu atataka nini tena?"

"Haoni. Atawezaje kupaka kioo asiyeona?"

"Nani kakuambia haoni? Sijakutajia mtu."

 Mabega ya Bi Chemba yalishuka, na sauti iliyotoka haikuwa ya woga hata kidogo.

"Mtoe Kaka kule ndani. Hajui chochote."

"Nitamtoa ukisema."

"Basi andika. Na andika vizuri, maana sitarudia."

Sajini alivuta karatasi.

"Niliomba kazi pale bila kusema mimi ni nani. Dada wa fundi mzembe nani angemwajiri? Na kazi hii ndiyo pekee niliyofundishwa. Kaka alinifundisha nikiwa mdogo, kwa glasi za nyumbani. Sikwenda kwa kisasi. Hata mimi niliamini aligusa. Niliamini, unasikia? Nilikuwa namsamehe moyoni, kila siku, kosa ambalo hakulifanya."

"Ukajuaje?"

"Daktari aliniambia mwenyewe. Nilikuwa mgeni, akinielekeza chemba. Akasema, 'Usiifungue kamwe ikiwa bado moto, utando unapasuka nyufa usizoziona, na joto halipiti kwenye ufa. Mimi niliifungua moto mara moja, kulikuwa na wageni wanangoja. Kioo kikampofua mtu.' Alicheka. Akaninunulia na soda. Alinisimulia macho ya kaka yangu kama mtu anayesimulia alivyounguza shati kwa pasi."

Inspekta alijikuta amekunja ngumi chini ya meza.

"Ungekuja polisi."

"Na nani angekuwa shahidi wangu? Naibu?" Alicheka kidogo, cheko kavu. "Daktari alisema dole gumba la kaka yangu limeharibu kioo. Nikasema sawa. Umelitaka dole lake, nitakuletea. Nilipeleka kioo nyumbani, nikamwambia Kaka ni kibovu, cha kukandamizia karatasi tu, abonyeze niweke alama yake ya ukumbusho. Alikataa. Mkono wake ulikuwa unarudi wenyewe. Nikambembeleza mpaka akacheka, akabonyeza."

"Kisha ukakirudisha, ukakipaka, ukamwacha Daktari asimame nyuma yake afe."

"Nilitaka macho!" Hapo ndipo alipopandisha sauti, mara hiyo moja tu. "Macho tu. Kila kipimo anainama nyuma ya kioo kuchungulia, uso sawasawa na mwale, na ile miwani yake ya kinga isingefua dafu. Jana kwa ajili ya wageni akasimama wima. Nilitaka aishi. Nilitaka aamke kila asubuhi aulize ukuta uko wapi. Amuulize mtu soksi zake ni za rangi gani. Kufa ni nini? Amelala pale na tai yake, hasumbuki na lolote. Amepata nafuu kuliko kaka yangu, na hilo sitamsamehe."

Kalamu ya Sajini ilikuwa imesimama. Inspekta alimgusa kiwiko aendelee.

"Jambo moja silielewi," Inspekta alisema. "Ulijua alama ingebaki?"

"Nilijua itaungua yote."

"Ingeungua, kama utando ungekuwa mbovu. Mtaalamu wetu anasema wako umeshika mpaka kwenye ukingo wa kila mstari. Ungepaka ovyo, utando wote ungeondoka, na mimi leo ningeandika ajali. Kwa nini hukupaka ovyo?"

Bi Chemba aliitazama tena ile picha. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeshindwa.

"Nilijaribu," alisema. "Nilikaa mbele ya chemba nikajiambia, punguza moto, harakisha, haribu. Sikuweza. Nilimsikia Kaka nyuma ya sikio langu, akiniita jina la utotoni: taratibu, Kitinda, taratibu. Sijawahi kupaka kioo kizuri kama kile."

Aliweka sahihi bila kusoma.

Nje, kwenye benchi la korido, Naibu alikuwa anangoja. Inspekta alikuwa amemwita aandike maelezo mapya kuhusu alama aliyosema ipo na ambayo haikuwepo. Alikuwa na karatasi magotini na peni ikimteleza. Inspekta alipita mbele yake bila kumsalimia, akamfungulia Jicho mlango.

Ndugu wawili walikutana pale koridoni, mmoja na pingu, mwingine na fimbo yake. Hakuna askari aliyewaharakisha.

"Kaka," Bi Chemba alisema. "Wameandika kila kitu. Daktari ndiye aliyeifungua chemba moto. Naibu naye anaandika, yuko hapa hapa. Jina lako limekuwa safi. Hutaitwa mzembe tena na mtu yeyote."

Jicho aligeuza uso kuelekea sauti.

"Kwani mimi nilikuwa sijui?" alisema. Hakuwa na ukali. Ingekuwa rahisi kama angekuwa nao. "Dunia nzima ilisema nimekigusa. Wewe pia ulisema, najua, nilikusikia ukinionea huruma. Mimi peke yangu nilijua kwamba tangu nianze kazi ile dole hili halijawahi kugusa kioo. Nilikuwa nalala nalo hilo, Kitinda. Macho waliyachukua, hilo hawakulipata."

"Kaka, nilikuwa nakulipizia."

"Ukanishika mkono, ukanigusisha."

Bi Chemba aliitazama mikono yake yenye pingu. Sajini alimshika kiwiko kwa upole, wakaenda kwenye gari.

Inspekta alibaki mlangoni na yule mzee. Alimwuliza kama anataka maji.  Jicho alikuwa akilifuta dole gumba lake kwenye suruali, polepole, juu na chini, na hakuacha hata gari lilipokwisha kuondoka.